Mwenye Funguo Aulizwe

(Maneno ya hotuba juu ya amri ya habeas corpus, kwa wasikilizaji wa Kitale na Bungoma)

Wachungaji na mapadri wetu, akina mama wa kanisa, vijana, na ninyi wenzetu wa harakati za haki mliotoka Cheptais, Kopsiro, Kapsokwony, Endebess na Kwanza: tumeombwa tuseme juu ya amri moja tu ya mahakama. Amri hiyo huitwa habeas corpus. Ni maneno ya Kilatini, na maana yake ni kwamba anayemshikilia mtu aulete mwili wake mbele ya jaji. Sisi leo tutaiita amri ya kumleta mtu, kwa kuwa hilo ndilo tendo lenyewe.

Amri hii haiulizi kama aliyeshikwa ni mwema au ni mwovu. Hilo litaamuliwa siku nyingine, na mahakama nyingine. Inamgeukia mwenye funguo na kumwuliza maswali mawili: yuko wapi, na umemfunga kwa sheria gani? Akishindwa kujibu la pili, mtu yule aende nyumbani kwake.

Ninyi mnaosoma Maandiko mtakumbuka liwali Festo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 25. Alikuwa na mfungwa aliyerithi kwa liwali aliyemtangulia, na alitakiwa ampeleke Rumi kwa Kaisari. Akakwama kwenye barua. Hakuwa na shtaka la kuandika, na mwenyewe aliona kuwa ni jambo lisilo na maana kumsafirisha mfungwa bila kueleza kosa lake. Festo hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtumishi wa dola, mwenye kupenda kuwaridhisha wakubwa wa Yerusalemu. Hata hivyo alijua kwamba kumshika mtu bila kuweza kueleza sababu ni aibu kwa serikali yenyewe. Tungefurahi kama kila kituo cha polisi kingekuwa na Festo mmoja.

Waingereza waliitunga sheria maarufu ya amri hii mwaka 1679, lakini siku yake kubwa, kwa sisi Waafrika, ilikuwa tarehe 22 Juni 1772. James Somerset, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, alikuwa amefungwa minyororo ndani ya merikebu mtoni London, akingoja kupelekwa Jamaica kuuzwa. Wakristo waliomfahamu wakaomba amri. Nahodha akalazimika kumleta mbele ya Lord Mansfield, na Somerset akatoka mahakamani akiwa huru. Angalieni kwamba si Somerset aliyekwenda kwa jaji. Asingeweza, maana alikuwa na pingu. Waliokwenda ni watu waliomwona akichukuliwa, na jambo hili tutalirudia.

Waingereza hao hao walipofika kwetu hawakuwa wepesi kutupa amri yao. Wazee wa Bungoma wanakumbuka habari za Elijah Masinde wa Maeni, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Hatusemi kwamba mafundisho yake yalikuwa sawa. Makanisa yenu yana maoni yake juu ya hilo. Tunasema kwamba kabla ya mwaka 1948 alikwisha kuwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kisha akapelekwa mbali na kwao kwa miaka mingi kwa amri ya watawala. Serikali ya uhuru nayo ilimfunga. Mtu mmoja, bendera mbili, kufuli ni ile ile.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu.

Katika miaka ya chama kimoja, mwenye funguo alikuwa na jibu lililokuwa tayari. Familia ilipokwenda mahakamani kumwuliza, wakili wa serikali alisimama na kusema: ndiyo, tunaye, na hati ya kizuizini hii hapa, imetiwa sahihi na Waziri. Sheria ya usalama wa umma iliruhusu mtu awekwe bila kushtakiwa, na jina lake likachapishwa katika gazeti rasmi. Mbele ya hati hiyo majaji wengi walifunga faili. Wakati mwingine hati ilikuja baadaye sana. Wanyiri Kihoro alikamatwa Julai 1986 akakaa siku 74 mikononi mwa polisi katika Nyayo House kabla ya kupewa hati hiyo. Wakili wake, Gibson Kamau Kuria, alipowaarifu wakuu mwaka 1987 kwamba angeishtaki serikali kwa mateso waliyotendewa wateja wake, yeye mwenyewe akatiwa kizuizini. Mwaka 1990 wakafuata Kenneth Matiba, Charles Rubia na Raila Odinga. Mateso hayo yote hatuyapunguzi hata chembe. Lakini tukubali kwamba hati ile, kwa ubaya wake, ilikuwa na jambo moja ndani yake: serikali ilikiri kwamba mtu yumo mikononi mwake, na mama alijua mwanawe yu hai.

Vyama vingi vilirudi mwishoni mwa mwaka 1991, na mwaka 1997 Bunge liliondoa uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Ila kuna jambo ambalo wengi wetu tulilitambua polepole. Hati ilipoondolewa, mikono iliyozoea kukamata haikukatwa. Kilichobadilika ni jibu. Mwenye funguo wa zamani alisema, tunaye na hati hii hapa. Wa leo anasema, hatunaye.

Na jibu hilo la pili halikuzaliwa jana. Lilisikika mapema, na hapo jirani zetu wa Eldoret wana kumbukumbu yake ardhini. Mwaka 1987 familia ya Stephen Mbaraka Karanja iliomba amri ya kumleta mtu. Polisi wakajibu kwamba mtu huyo alipigwa risasi akijaribu kutoroka, naye amekwisha kuzikwa Eldoret. Jaji Derek Schofield hakuridhika. Akasema kwamba kama hamwezi kuuleta mwili ulio hai, leteni huo uliozikwa. Makaburi yakafukuliwa. Maiti zikatolewa moja baada ya nyingine, maiti za watu ambao nao walikuwa na mama zao, na hakuna iliyokuwa ya Karanja. Jaji alipokuwa anawaelekea wakuu wa polisi kuwataka wajieleze kwa kuidharau mahakama, Jaji Mkuu Cecil Miller alimnyang'anya faili. Schofield akajiuzulu na kuondoka nchini. Sisi tuliosoma sheria baadaye tulifundishwa kesi hiyo kwa sauti ya chini, kama vile mtu anavyotaja ugonjwa wa ukoo.

Ng'ambo ya pili ya Malaba na Lwakhakha mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1972 Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alitoa amri ya kuachiliwa kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa ameshikwa na askari wa Idi Amin. Siku chache baadaye, tarehe 21 Septemba, watu wenye silaha walimtoa yeye mwenyewe katika jengo la Mahakama Kuu Kampala, naye hakuonekana tena. Aliyeamuru mtu aletwe akawa ndiye asiyeletwa.

Lakini hatukuja hapa kusimulia ya Kampala. Tumekuja kusema ya mlimani.

Ninyi mnayajua kuliko sisi. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa jeshi la vijana lililojiita Sabaot Land Defence Force. Kuanzia mwaka 2006 jeshi hilo liliua mamia, likakata watu masikio, likatoza kodi, likateka watu usiku. Yeyote anayezungumzia haki ya waliokamatwa mwaka 2008 bila kuwataja waliouawa na vijana hao hasemi kweli yote, na watu wa Mlima Elgon hawatamsikiliza. Machi 2008 serikali ilileta jeshi lake katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume na wavulana walikusanywa vijijini na sokoni, wakapakiwa katika malori, wakapelekwa kambi ya Kapkota. Huko walipitishwa mbele ya watu wa kuwatambua, na wengi walipigwa vibaya. Mashirika ya haki za binadamu, ya hapa kwetu na ya nje, yaliandika habari zao mwaka huo huo. Jeshi likakana.

Mamia waliotoka Kapkota walipelekwa mbele ya mahakimu na kushtakiwa. Hao, hata kama mgongo ulikuwa na majeraha, walikuwa na bahati, kwa kuwa jina lililosomwa mahakamani ni vigumu kulifuta. Wengine hawakusomwa popote. Hawakuwa jela, hawakuwa hospitali, hawakuwa chumba cha maiti. Wake zao walipouliza, walijibiwa kwamba hakuna mtu kama huyo aliyepokelewa.

Mahakama Kuu ilikuwapo Bungoma, na nyingine Kitale. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 389, ilimpa jaji uwezo wa kuamuru mtu aletwe. Kwa nini basi amri haikufagia mlima mzima? Tutasema tunavyoona sisi. Woga ulikuwapo, nauli ya matatu ilikuwa tatizo, na wengi hawakujua kama kuna amri ya namna hiyo. Lakini hata kwa aliyefika, ukuta ulikuwa ni lile jibu fupi. Mahakama haimwamuru mtu alete asichokuwa nacho. Mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba aliyetoweka yumo mikononi mwa yule anayeshtakiwa. Lori la jeshi halikuandikisha abiria wake. Mke aliyekuwa shambani hakuona lori. Jirani aliyeona hakuwa tayari kula kiapo. Miezi ikapita.

Madhara ya jibu hilo hayaishii kwa aliyetoweka. Sheria ya ushahidi inasema kwamba mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, aweza kuhesabiwa kuwa amekufa. Kabla ya hapo mke si mjane. Hana cheti cha kifo. Shamba liko kwa jina la mume, na mlimani shamba ndilo lililoleta vita. Hawezi kugawa urithi, na shemeji mwenye tamaa hana wa kumzuia. Tumeketi na akina mama ambao hawakujua kama wavae nguo za msiba au waendelee kubakiza chakula sufuriani.

Shirika la IMLU lilipeleka malalamiko ya Mlima Elgon katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, mwaka 2010. Juni 2011 majaji wa kwanza walikubali kuisikiliza kesi. Tarehe 15 Machi 2012 majaji wa rufani wakaifuta, si kwa kuwa hakuna aliyeumia, bali kwa kuwa mkataba unataka malalamiko yaletwe ndani ya miezi miwili, na muda ulikuwa umepita. Amri ya kumleta mtu haina kikomo cha namna hiyo, lakini ina kikomo kingine kisichoandikwa: kumbukumbu ya shahidi.

Msidhani kwamba ukuta huo uko mlimani tu. Februari 2014 polisi waliingia katika Msikiti Musa, Mombasa, wakakamata watu wengi. Kijana mmoja alionekana akiwa mikononi mwao, na picha zilikuwapo. Familia yake ilipoomba amri, polisi walisema alitoroka njiani kutoka katika lori. Jaji alikubali kwamba alikuwa amekamatwa, ila akaona haikuthibitishwa kwamba polisi bado wanaye, hivyo amri ya kumleta haikutolewa; akaagiza kutoweka kwake kuchunguzwe. Sisi, kwa heshima zote, tunaona kwamba sheria ikiishia hapo inampa zawadi mwenye kuficha vizuri. Aliyemchukua mtu mzima mchana ndiye apaswaye kueleza alikomfikisha. Mahakama ya haki za binadamu ya nchi za Amerika ilisema hivyo Julai 1988, katika kesi ya Manfredo Velásquez, mwanafunzi wa Honduras aliyetoweka mwaka 1981. Jamaa zake walikuwa wameomba amri hii mara kadhaa bila kupata chochote. Mahakama ilisema kwamba serikali inayoficha ushahidi haiwezi kujikinga kwa ukosefu wa ushahidi huo, na kwamba dalili na mazoea yaliyothibitishwa yatosha kuihukumu. Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa dhidi ya kutoweshwa kwa watu Februari 2007. Kutia sahihi si kuridhia, kama mahari iliyoahidiwa si mahari iliyolipwa.

Na kuna Mkenya mwenzetu aliyelijua jibu la kwanza na la pili kwa pamoja. Mohammed Abdulmalik Bajabu alikamatwa Mombasa mwaka 2007, akatolewa nchini bila mahakama yoyote ya Kenya kuulizwa, akajikuta katika gereza la Marekani huko Guantánamo. Tarehe 12 Juni 2008, wakati watu wa mlimani wangali wakitafutana, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wafungwa wa Guantánamo nao wana haki ya kuomba amri hii katika mahakama za shirikisho. Mawakili wake waliomba. Hakuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote. Desemba 2024 ndipo aliporudishwa Kenya, baada ya karibu miaka 18, na aliyemwachilia ni serikali, si jaji. Twasema haya ili mtu asiondoke hapa akidhani kwamba tumewapa hirizi.

Lakini amri ina meno inapopata jaji na ushahidi. Agosti 2024 mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili walichukuliwa Kitengela. Wenzao hawakungoja. Walikwenda Mahakama Kuu upesi, wakiwa na majina, saa na mahali. Jaji Lawrence Mugambi alimwita kaimu mkuu wa polisi, Gilbert Masengeli, aje mwenyewe aeleze. Hakuja, akaitwa tena na tena. Tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu kifungo cha miezi 6 kwa kuidharau mahakama. Wiki moja baadaye wale watatu walikuwa wameachiliwa, wakiwa hai. Mkuu huyo hakufungwa, kwani alifika na hukumu ikaondolewa. Linganisheni na yaliyompata Schofield. Tofauti haikuletwa na wema wa polisi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 25, inasema kwamba haki ya amri hii haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, na jaji wa sasa hanyang'anywi faili kwa urahisi ule.

Sasa, wachungaji, mtuvumilie, kwa kuwa sehemu hii ni yenu.

Mtu anapochukuliwa, wa kwanza kujua mara nyingi si wakili. Ni mama mboga, ni mtu wa bodaboda, ni mzee wa kanisa aliyekuwa akifungua mlango wa ibada ya asubuhi. Ushahidi wa amri nzima umo machoni mwa watu hao, na huanza kuoza siku hiyo hiyo. Tunaomba kila kanisa liwe na daftari. Andikeni jina kamili la aliyechukuliwa na nambari ya kitambulisho chake, nguo alizovaa, saa, mahali, rangi ya gari na nambari zake hata kama ni nusu, sare au kutokuwa na sare, maneno yaliyosemwa, na majina ya walioona. Aliyeona atie sahihi. Kisha nendeni kituo cha polisi, zaidi ya watu wawili, mmwulizie kwa jina, na msiondoke bila nambari ya OB. Mkifukuzwa, andikeni saa mliyofukuzwa na jina la afisa aliyewafukuza. Hilo nalo ni ushahidi. Nendeni kituo cha pili na cha tatu, hospitali, na chumba cha maiti.

Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi kama muda huo umeangukia siku za mapumziko. Saa hizo zikipita, msingoje ya 25. Ibara ya 22 yaruhusu mtu yeyote aende mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda. Si lazima awe mke au baba; mchungaji aweza, jirani aweza. Hakuna ada ya kufungua ombi la namna hiyo. Na kanuni za mwaka 2013, zilizotolewa na Jaji Mkuu Willy Mutunga, ambaye mwenyewe aliwahi kutiwa kizuizini mwaka 1982, zinamruhusu jaji kupokea hata barua, hata ombi la mdomo. Mpate wakili kama yupo. Kama hayupo, barua ya ukurasa mmoja iliyofika leo ina thamani kuliko hati nzuri ya mwezi ujao.

Tena msiseme uongo hata kidogo katika kiapo. Mkisema mlimwona afisa fulani na hamkumwona, wakili wa serikali atalishika hilo moja na kuyatupa mengine yote. Wala msiiombe amri hii kwa mtu aliyekwisha kuhukumiwa, au aliye rumande kwa amri ya hakimu, kwa kuwa jawabu la pale huwa ni rufani au dhamana, na jaji atawarudisha nyumbani.

Tumesikia hoja kwamba daftari la namna hii ni siasa, na kwamba kanisa lisijitie humo. Kanisa huandika ubatizo, huandika ndoa, huandika maziko. Kati ya ndoa na maziko kuna waumini waliotoweka mwaka 2008 ambao hawamo katika kitabu chochote, cha serikali wala cha Mungu wenu hapa duniani.

Mezani pale nyuma kuna nakala za hati ya kiapo iliyo tupu, kwa Kiswahili. Walioko upande wa Trans Nzoia watapeleka maombi yao Kitale, na walioko Cheptais, Kapsokwony na Kimilili watashuka Bungoma. Akina mama ambao waume zao hawajaonekana tangu mwaka 2008 tunawaomba wasiondoke. Tutaketi nao chini ya mti hapo nje, mmoja mmoja, tuandike majina na tuone ni nani bado yuko hai aliyeliona lile lori.